Naomba ushauri: albamu ya sauti na gitaa tu, dakika 52, niitoe kwenye santuri moja au mbili?

Mtunzi Mkongwe
Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, huwa nasoma napita. Leo nimebanwa, hata usingizi hauji, naomba mawazo yenu.

Natunga nyimbo za roki tangu ujana, na bendi yangu ni ileile moja: ngoma, besi, magitaa mawili ya umeme, kinanda. Safari hii nimetengeneza albamu nikiwa peke yangu. Ni sauti yangu, gitaa kavu, na harmonika kwenye nyimbo mbili, basi. Nimerekodia chumbani kwa mashine ya kaseti ya njia nne, yaani inarekodi sauti nne mbalimbali kwenye kanda moja, na maikrofoni mbili. Pale pumzi iliponikatikia nimepaacha hivyohivyo. Nataka itoke kwenye santuri tu, mtu akae nayo upande mzima badala ya kuruka wimbo huu kwenda ule.

Jumla ni dakika 52. Kiwanda kinasema sahani moja inatosha, fundi mmoja kaniambia nitajuta. Niende na moja au mbili? Na ule mvumo wa kanda, ile "shhh" ya chinichini, niuache au usafishwe? Nitashukuru mkijibu mapema, muda umenibana.

Sindano Kali
Karibu mkuu. Ngoja nijibu ulichouliza kabla watu hawajaanza ngonjera.

Dakika 52 ni 26 kila upande. Kinachokula nafasi kwenye santuri ni besi na ukubwa wa sauti. Besi nzito inaufanya mfereji, ule mstari sindano inamopita, uyumbe sana kwenda pembeni, kwa hiyo mfereji unaofuata lazima ukae mbali. Albamu ya roki yenye ngoma ikivuka dakika 20 na kitu kwa upande, fundi anaanza kushusha sauti. Wewe huna ngoma wala besi, hivyo 26 zinaingia. Kiwanda hakijakudanganya.

Shida yako iko kwingine. Kila santuri ina kelele zake ndogondogo, vumbi na plastiki yenyewe. Bendi ikinguruma huzisikii. Mtu mmoja na gitaa akinyamaza kati ya mstari na mstari, zote zinajitokeza. Ukishusha sauti ili dakika 26 zienee, umezipa nafasi zaidi. Halafu sindano ikielekea katikati, kasi inapungua: kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfereji wa nje unapita chini ya sindano karibu sentimita 50 kwa sekunde, wa ndani kabisa karibu 21. Kwenye wimbo wa mwisho wa kila upande, "s" zako zitachoma masikio.

Sahani mbili, dakika 13 kila upande, tena unaweza kuzikata kwa mizunguko 45. Au punguza nyimbo tatu. Mvumo wa kanda uache, ukiusafisha unaondoka na hewa ya chumba.

Binamu wa Besi
Mimi nimekwama pale "huna besi". Nimepiga besi miaka mingi nyuma ya mtunzi wa namna yako. Siku moja tumefika mazoezini, tukaambiwa wimbo huu bosi ataupiga mwenyewe. Tukakaa juu ya masanduku ya spika tunamtazama. Wimbo ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo nikisikia "albamu ya mtu na gitaa lake" nawawaza waliokaa juu ya masanduku. Samahani kwa kutoka nje ya mada. Ila mpiga besi wako mwambie kwa mdomo wako, asije akasoma kwenye jalada.

Kaseti Mpaka Kesho
Mkuu uko kwenye njia njema! Januari 1982 Bruce Springsteen, mwanaroki wa Marekani, alikaa kwenye nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, na mashine ya TEAC 144, kaseti ya njia nne kama yako, na maikrofoni mbili za Shure SM57. Alikuwa anaandaa nyimbo za kuwasikilizisha bendi yake, E Street Band. Bendi ikaingia studio, wakazipiga kwa ngoma na kila kitu. Mwishowe kilichotoka Septemba mwaka uleule ni ile kaseti yenyewe, aliyokuwa akitembea nayo mfukoni bila hata kasha. Mafundi walihangaika kweli kuihamishia kwenye santuri. Hiyo ndiyo Nebraska, nyimbo 10, ikafika nafasi ya 3 kwenye chati ya albamu ya Billboard kule Marekani bila ziara yoyote.

Mvumo uache. Mimi nikiisikiliza ile santuri usiku na taa nimezima, ule mvumo ndio unaoniambia kuna mtu kakaa chumbani.

Kalamu Nyekundu
Nina swali. "Muda umenibana" na nani? Mtu amerekodi chumbani kwake, hana kampuni juu ya kichwa, anabanwa na nini? Na unauliza mvumo usafishwe au la, maana yake masta, ile rekodi ya mwisho ya kupeleka kiwandani, hujapeleka. Tufafanulie, ushauri wa mtu ambaye hajaanza si sawa na wa aliyefika katikati.

Mtunzi Mkongwe
Nashukuru wote, hasa Sindano Kali.

Kalamu, masta ilishakwenda. Laka imekatwa na nakala za majaribio ninazo mezani. Kiwanda kinasubiri ndiyo yangu ili kianze kufyatua. Ni sahani moja. Bado naweza kubadilisha, ndiyo maana nauliza, ingawa kwa maoni yangu sahani moja ndiyo sahihi. Albamu hii ni safari ya usiku mmoja. Msikilizaji ageuze mara moja tu. Ukimwinua kitini kila baada ya dakika 13 umemkatia safari.

Sindano Kali
Kumbe umeshafika huko! Basi swali lako si "moja au mbili", ni "nirudie au nisirudie".

Kwa faida ya wengine: laka ni sahani ya alumini iliyopakwa utando laini, ndiyo inayokatwa mifereji. Inanyunyiziwa fedha, inaoteshewa nikeli, na hatua kwa hatua unapatikana muhuri wa nikeli unaokandamiza plastiki ya moto. Ukibadilisha chochote, unaanza tena na laka mpya. Na tangu kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kiungue Februari 2020, wanaotengeneza laka duniani wanahesabika kwa vidole, kwa hiyo usichukulie kukata upya kama kufuta na kuandika tena.

Sikiliza nakala zote, si moja. Wimbo wa mwisho wa kila upande usikilize mara ya kwanza kwa spika, mara ya pili kwa hedifoni. Ukikuta "s" zinakwaruza, rudi hapa.

Ngurumo
Mzee wa roki anatoa albamu isiyo na ngoma. Majirani zake wataandamana kumpongeza.

Bibi Harmonika
Kijana wangu, na ninakuita kijana hata kama una mvi, nimesoma mara mbili na kuna neno hujalisema. Bendi yako inajua?

Johnny Cash alikuwa na miaka 62 ilipotoka American Recordings mwaka 1994. Ni yeye na gitaa, mtayarishaji Rick Rubin amemrekodi, nyimbo kadhaa sebuleni. Ile nayo ni albamu tupu hasa, kila neno liko wazi. Lakini ndani yake kuna nyimbo za watunzi wengine, na kila mmoja jina lake limeandikwa. Ukivua wimbo nguo zote, la kwanza kuonekana ni nani aliuzaa. Sasa niambie, nyimbo hizi ni zako zote?

Mtunzi Mkongwe
Shikamoo bibi. Nyimbo ni zangu.

Bendi haijui bado. Nitawaambia ikishatoka, watafurahi au watanuna, nimewazoea. Hilo silo linaloninyima usingizi.

Kalamu Nyekundu
Basi lipi?

Ngurumo
Jamani msimbane mzee wa watu, kaja kuuliza habari za sahani.

Kalamu Nyekundu
Simbani kwa ubaya. Mtu haamki usiku kwa sababu ya sahani moja au mbili. Na bibi ameuliza kama nyimbo ni zake *zote*, yeye kajibu "ni zangu". Someni tena.

Mtunzi Mkongwe
Sawa, niseme.

Kati ya nyimbo zote, tatu nilizianza na mpiga gitaa wangu wa zamani. Tulikaa jikoni kwake, yeye akawa anapigapiga, mimi naandika. Hazikuwahi kurekodiwa studio. Baadaye tulikosana, akaondoka kwenye bendi, na hatujaongea tangu hapo. Sitaki kueleza chanzo, kina pande mbili na yeye hayupo hapa kujitetea.

Maneno yote ni yangu. Sauti ninayoimba, melodi yake, nimeitafuta mwenyewe. Chake kilikuwa kile kipande cha gitaa kinachofungua wimbo na kurudi baada ya kila kiitikio. Ndiyo sababu nimezirekodi hivi, nimekiondoa kipande chake chote. Kilichobaki ni mimi. Kwenye mchoro wa lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, nimeandika jina langu peke yake, na sioni kosa. Ningeandika lake ningekuwa nasema uongo, maana hakuna hata noti moja aliyoipiga.

Wakili wa Jioni
Nimekuwa nasoma tu, ila hapa lazima niingie.

Ndugu yangu, kupiga ni kitu kimoja na kutunga ni kingine. Haki ya anayepiga inakaa kwenye rekodi. Haki ya mtunzi inakaa kwenye wimbo wenyewe, uwe umerekodiwa au haujarekodiwa, upigwe na bendi nzima au na mtu mmoja. Kwamba hajapiga noti kwenye santuri yako haijibu swali la nani alitunga.

Kama kile kipande kilikuwa pambo tu, mpangilio, hoja yako ina miguu. Kama wimbo unatambulika kwa kipande hicho, huyo ni mtunzi mwenza. Na sheria za watunzi wenza hazifanani: Marekani mmoja anaweza kutoa leseni ya kawaida, isiyo ya mtu mmoja pekee, bila kumwuliza mwenzake, ila mapato lazima wagawane. Uingereza inabidi wote waridhie. Kwa hiyo jambo la kwanza si kiwanda. Je, zile nyimbo ziliwahi kuandikishwa kwenye chama chochote cha mirabaha? Kwa majina yapi?

Mtunzi Mkongwe
Hazikuandikishwa. Zilikuwa kwenye daftari langu na kwenye kaseti moja ya mazoezi.

Bibi Harmonika
Marahaba mwanangu, nilichelewa kuitikia.

Mimi ninapuliza harmonika tangu kabla ya ndoa, kwa hiyo nisamehe nikiuliza la kwangu. Ulisema harmonika iko kwenye nyimbo mbili. Je, ni kati ya zile tatu? Na inapuliza nini?

Kaseti Mpaka Kesho
Aisee.

Wakili wa Jioni
Swali zuri kuliko yangu yote.

Mtunzi Mkongwe
Ndiyo, ni kati ya zile tatu.

Inapuliza sauti ya kufungua wimbo na kurudi baada ya kiitikio. Inafuata mwendo ule, lakini si kilekile. Gitaa lake lilikuwa la umeme, kali, linakwenda mbio. Mimi nimepunguza mwendo na kuna noti nimezivuta. Jaribuni kunielewa: wimbo bila ule mlango hauingiliki. Niliujaribu bila chochote ukawa unaanguka. Harmonika si gitaa.

Binamu wa Besi
Mkuu nakuheshimu. Ila umekitoa mlangoni ukakirudisha dirishani.

Ngurumo
Sasa hata mimi nimeacha utani. Mwandike jina.

Shaka Mwanzo
Samahani wandugu, mtanichukia, lakini hakuna aliyeona kitu hapa? Kaseti ya njia nne. Maikrofoni mbili. Chumbani. Bendi imewekwa pembeni. Sauti, gitaa, harmonika. Hiyo ni Nebraska, mtu kaipaka rangi. Kisha hadithi inanoga kila tukiuliza: kwanza masta haijaenda, mara imekwenda, kwanza nyimbo zake, mara tatu za wawili, mara harmonika. Hivi ndivyo inavyoandikwa tamthilia, sehemu kwa sehemu. Huyu hana santuri yoyote mezani. Tunamtungia kitabu bure.

Kaseti Mpaka Kesho
Kwani TEAC walitengeneza mashine moja tu? Zimeuzwa tele, mimi mwenyewe ninayo. Watu wanaiga njia ya albamu waliyoipenda, hilo si uongo.

Shaka Mwanzo
Basi atuambie kitu ambacho hakimo kwenye makala yoyote.

Ngurumo
Mimi nipo katikati. Ile "kina pande mbili na yeye hayupo kujitetea" ni sentensi ya mtu mzima kweli. Ila ile ya jikoni ni ya filamu.

Mtunzi Mkongwe
Shaka, nimeumia, lakini nitakujibu.

Nakala iko mbele yangu. Lebo ni nyeupe, haina neno. Pale penye duara tupu, kati ya mfereji wa mwisho na lebo, kuna namba iliyokwaruzwa kwa mkono, na ile herufi B imeandikwa mara mbili kana kwamba kalamu iliteleza. Upande B, wimbo wa tatu, kabla ya beti la mwisho ninavuta pumzi. Papo hapo kuna "tak". Si vumbi, nimeifuta na kuipiga tena. Nimeipiga nakala ya pili, ipo palepale. Zote zinayo. Na huo ni mmoja wa nyimbo zile. Nilidhani ni kawaida ya santuri, nikawa nimeamua kuiacha kama nilivyouacha mvumo.

Sindano Kali
Subiri. Ni "tak" moja au inarudi? Hesabu.

Mtunzi Mkongwe
Inarudi. Tak, kimya kidogo, tak, mara kadhaa, ikififia. Haifiki sekunde mbili kati yake.

Sindano Kali
Sekunde 1.8. Ndio mzunguko mmoja wa santuri kwa 33⅓. Shaka, mimi namwamini huyu mzee. Mtunga hadithi angesema santuri "inakwaruza". Hangekuletea mlio unaorudi kila mzunguko halafu ukafifia, tena kwenye kila nakala.

Mkuu, hilo si vumbi wala si kawaida. Kikiwa kwenye nakala moja, ni nakala hiyo. Kikiwa kwenye zote mahali pamoja, kasoro iko kwenye laka au kwenye nikeli, na kila santuri itakayofyatuliwa itazaliwa nacho. Nakala za majaribio zipo kwa kazi hiyohiyo. Usiseme ndiyo. Andikia kiwanda: upande, wimbo, dakika na sekunde, na kwamba ni kwenye nakala zote. Kasoro ikiwa ni ya kukata au ya nikeli ni juu yao kurudia. Na wakati wanarudia, mpangilio wa upande B unaweza kuuangalia upya. Wimbo wenye maneno mengi ya "s" uondoe pale mwisho, weka ule wa polepole.

Wakili wa Jioni
Na lebo haijachapwa. Umesema nakala zina lebo nyeupe. Mtihani wako wote wa majina bado uko mkononi mwako, ndugu yangu.

Mtunzi Mkongwe
Nimekiandikia kiwanda ujumbe na nimekataa nakala. Wamekubali kusikiliza upya.

Kuhusu jina, sijakubaliana nanyi kwa lote. Wimbo mmoja kati ya zile tatu hauna harmonika wala kitu chake chochote, huo nitausimamia hata mbele ya hakimu. Kwenye zile mbili nimemwambia mchoraji wa lebo asimame kwanza. Nafikiria kumtumia nakala moja ya majaribio, hiyohiyo yenye "tak", asikilize mwenyewe aseme kipande ni chake au si chake. Sitaandika chochote. Akisikia ataelewa.

Bibi Harmonika
Andika. Mtu uliyekosana naye akipokea sahani nyeupe isiyo na neno atadhani ni kesi au ni dharau. Mistari miwili inatosha: nyimbo hizi unazikumbuka, nataka jina lako liwepo, niambie liandikweje. Kiburi cha kukaa kimya waachie vijana.

Kalamu Nyekundu
Na umwandikie kabla hujapata nakala mpya, si baada. Akiletewa kitu kilichokamilika hajaulizwa, ameshajulishwa.

Binamu wa Besi
Mpiga besi naye.

Mtunzi Mkongwe
Mpiga besi nimempigia leo. Alicheka, akaniuliza kama ngoma zimo. Nikamwambia hazimo. Akasema basi afadhali.

Bibi, nitaandika hiyo mistari miwili. Ule wimbo mmoja uliobaki, usio na harmonika, sitautaja humo.

Wakili wa Jioni
Utaje. Ukiuficha huo, hata kwa zile nyimbo mbili hatakuamini.

Shaka Mwanzo
Mimi bado nina wasiwasi na jikoni. Ila ikitoka nitainunua, na nitaanza na upande B, wimbo wa tatu.

Sindano Kali
Ukinunua, angalia kwanza uzito ambao sindano yako inakandamiza santuri, na kama haijachakaa. Santuri tulivu kama hii haivumilii sindano iliyochakaa. Na Mtunzi, nakala mpya zikifika usinyamaze, njoo useme kama pumzi inasikika safi.